Nilivyolifagia Shamba la Dada

Studio ya Picha na Video,
Juu ya kinyozi, mlango wa pili,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda Mimba wetu,

Pokea salamu zangu, tena zipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. U hali gani huko kwenye baridi? Shemeji hajambo? Na wale mapacha, wameshaacha kung'atana au ndiyo kwanza meno yanaongezeka? Na lile jino lako la nyuma, ulikwenda kuling'oa au bado unalilea kama mtoto wa tatu? Nijibu yote hayo, usiruke hata moja. Mimi nikiuliza hali ya mtu huwa nauliza kweli.

Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula, mama yao ananisema, kwa hiyo nyumba iko salama. Mgongo wangu ndio unalia kidogo, lakini mgongo wa mtu mashuhuri lazima ulie. Utaelewa mbele.

Usishangae kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo, tena kubwa. Kuna sababu, na sababu hiyo inakuhusu wewe kuliko mimi. Lakini nikianza na mwisho hutasoma mwanzo, nakujua. Tulia, vuta kiti.

Habari kubwa ni kwamba kaka yako sasa ni mtengeneza filamu. Sisemi video za harusi. Hizo nimepiga zaidi ya mia nne, na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika isipokuwa watatu, na mmoja kati yao alikuwa analalamikia bwana harusi. Nasema filamu ya hali halisi, ile ambayo watu hawaigizi, wanaishi tu, na wewe unawafuata na kamera mpaka wachoke kukuficha mambo. Unajua shule na mimi tuliachana mapema, kwa amani, kila mmoja akashika njia yake. Lakini nimetembea. Nimevuka mpaka mara mbili, nimelala hoteli yenye lifti, nimeongea na watu wa kila rangi na wote tukaelewana kwa mikono. Kazi kama hii ilikuwa inanisubiri mimi tu.

Filamu yenyewe ni ya kilimo. Najua unacheka. Subiri. Si kile kilimo cha jembe na malengelenge tulichokikimbia mimi na wewe. Ni kilimo cha kuurudishia udongo uhai wake. Shamba ni lile la marehemu baba, na mkulima ni Dada yetu.

Ulipoondoka, miaka sita iliyopita, uliliacha shamba lile limekonda kama mgonjwa. Udongo ulikuwa mweupe kama saruji, upepo ukipita unaondoka nao. Basi Dada akakutana na bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo wa eneo letu, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akamfundisha, na Dada akabadilika kabisa. Halimi tena kwa kutifua ardhi. Anatoboa kishimo, anatia mbegu, anafunika, anasonga mbele. Juu ya ardhi ametandaza nyasi kavu na mabua, unene wa godoro. Hayo yanaitwa matandazo. Kati ya mahindi kuna kunde, kati ya kunde kuna maboga, na mbuzi wake sita anawahamisha kila siku chache pamoja na ua wao, kama wapangaji wakorofi, ili waache samadi kila kona.

Mwaka wa kwanza alivuna kidogo, sikufichi. Wa pili akalingana na majirani. Wa tatu akawapita. Lakini nani alihesabu? Macho ya watu yalikuwa kwenye ile fujo. Maana ukilitazama shamba lile ukiwa barabarani, utasema wenyewe walihama ghafla wakasahau kurudi.

Aliyeumia zaidi ni Baba Mkubwa. Unamjua kaka yake marehemu baba na mambo ya heshima. Kila asubuhi anapita pale na baiskeli, anashuka, anatazama, anatema mate, anapanda, anaondoka. "Shamba la ndugu yangu limekuwa kichaka," aliniambia. "Watu wananiuliza kama tumefiwa tena." Na hapo ndipo akajipenyeza yule jirani mwenye trekta jekundu na tumbo la kuendana nalo. Tunamwita Bwana Trekta, na naye anaitika. Huyo akamwambia mzee alikodishe kwake, atalilima mpaka ling'ae. Baba Mkubwa akatangaza: kabla ya mavuno, kikao cha familia kitakaa, na mavuno yakiisha shamba linakwenda kwa Bwana Trekta.

Dada hakugombana na mtu. Alikuja hapa studio, akakaa kwenye kiti cha maharusi, kile chenye maua ya plastiki, akaniambia, "Wewe mtoto, mimi sina mume wala sina mtoto. Nina lile shamba. Wakilichukua, niambie nitakuwa naamkia nini." Nikamfungulia soda ya wateja.

Kumbe alikuwa na mpango. Chama cha wakulima cha bibi shamba kilikuwa kinatafuta mtu wa kupiga filamu ya wakulima wanaofufua udongo. Dada alitaka shamba lake ndilo lipigwe, na filamu ionyeshwe kwanza kwenye kikao. "Mzee hataki kunisikiliza," alisema. "Labda atasikiliza televisheni." Bibi shamba akaniuliza kama nina uzoefu wa filamu za namna hiyo. Nikamwambia nimefanya kazi nchi mbalimbali. Akaniuliza kama najua kilimo. Nikamwambia, mama, mimi nimezaliwa shambani. Hilo ni kweli. Sikumwambia kwamba nilianza kutoroka nilipojifunza kutembea.

Basi nikaenda na kamera, stendi yake, na suruali nyeupe, kwa sababu mkurugenzi lazima awe tofauti na wengine. Dada alikuwa anaondoka kwa siku mbili, mkutano wa wakulima. Akaniachia funguo na maneno machache: "Zoea mwanga, zoea mbuzi, usiguse kitu."

Sasa, mdogo wangu, mimi na wewe tumelelewa nyumba moja. Unamkumbuka marehemu mama siku mpiga picha alipokuwa anakuja? Kabla baiskeli ya yule bwana haijaonekana, mama ameshafagia uwanja, amefagia njia, na kuku akizubaa naye anafagiwa. Katika ukoo wetu kamera haielekezwi mahali pachafu. Hata wewe picha yako ya utotoni umekaa kwenye uwanja unaong'aa kama sahani.

Nikasimama na kamera yangu mbele ya lile shamba. Nyasi kavu, mabua yaliyooza, majani ya maboga yanatambaa kama hayana kwao. Nikajiuliza: hivi hii ndiyo Baba Mkubwa aione kwenye televisheni? Si nitakuwa nimemchongea dada yangu mwenyewe? Nikatafuta vibarua wawili, watu wazima wenye reki zao. Wa kwanza alikuna kichwa, akauliza, "Bosi, una uhakika?" Nikamjibu, "Ndugu yangu, mimi ni mtaalamu." Tukafagia. Mistari kumi na miwili ya mahindi, ile ya nyuma kabisa kando ya mti wa umeme, isiyoonekana barabarani, ambako mwanga wa asubuhi ni mzuri. Kunde na maboga tukang'oa, maana yalikuwa yanaziba. Uchafu wote tukaukusanya rundo moja mbali na mimea, nikaupiga kiberiti mwenyewe. Ardhi ikabaki safi, nyekundu, imechanwa kama kichwa cha mtoto wa shule. Nilijipongeza. Nikapiga picha nikiwa nimesimama katikati, mkono kiunoni.

Dada akarudi siku ya pili mchana, na gauni lake la mkutanoni. Akasimama.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Nilitaka kukufurahisha."

"Nyasi ziko wapi?"

"Usiwe na wasiwasi. Nimeshazichoma."

Akakaa chini. Si kwenye kiti, si kwenye jiwe. Chini, palepale, na gauni. Akachota udongo kidogo, akautazama kama unavyomtazama mtoto aliyenyolewa bila ruhusa yako.

"Wewe mtoto," akasema. Nina mvi, mdogo wangu, lakini yeye hazioni. "Zile nyasi nimezitandaza kidogo kidogo miaka mitatu. Chini yake kulikuwa na wadudu, kulikuwa na minyoo, kulikuwa na unyevu. Umewaezulia paa wakiwa ndani."

"Kesho nakuletea nyasi nyingine. Lori zima."

"Kutoka wapi? Huu ni ukame. Nyasi zote zimeshaliwa. Hata hao mbuzi wanakutazama wewe."

Nikageuka. Walikuwa wananitazama kweli.

Hakunipiga, hakunitukana, na hilo ndilo lililonichoma. Jioni akaniwekea chakula, akasema, "Kula, ulale. Kazi ianze kesho." Nikala, lakini kila tonge lilikuwa linapita kwa kuomba njia.

Bibi shamba alipokuja na kuona, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa liko kwenye kioo. Halafu akaniamrisha: "Usipafiche. Papige kila siku, mahali palepale, na useme mwenyewe mbele ya kamera ulichofanya." Nikafanya, kwa shingo upande. Siku ya tisa mahindi ya mistari yangu yalikuwa yamejikunja kama sigara. Yale ya Dada, hatua mbili pembeni, jua lilelile, yamesimama na majani mapana kama hayajaambiwa kuna ukame. Niliingiza mkono chini ya matandazo, nikakuta ubaridi, kama umeingiza mkono ndani ya mtungi. Kwenye mistari yangu nikavunja ukucha.

Kumpiga Dada mwenyewe ilikuwa kazi kuliko kupiga harusi ya watu waliogombana. Ukimwambia kamera inaenda, anasimama wima kama anaapishwa, anaongea kama taarifa ya habari. "Mimi. Ni mkulima. Wa hapa." Nikambembeleza, nikamtania, wapi. Mpaka nikagundua kwamba akishika kazi mdomo unafunguka. Basi nikawa nampiga anapohamisha ua wa mbuzi, nami nabeba upande wa pili kwa mkono mmoja, kamera mkono mwingine. Ule mgongo niliokutajia uliharibika hapo. Lakini aliongea! Alieleza jinsi mizizi ya kunde inavyoulisha udongo, jinsi alivyolia mwaka wa kwanza, jinsi alivyosikia tena sauti za vyura pale bondeni. Mimi nyuma ya kamera nikawa nafuta macho kwa shati, nikisingizia vumbi.

Droni sina, bado inakuja. Nikafunga kamera kwenye ufito mrefu, nikapanda juu ya tangi la maji, nikaunyanyua. Mdogo wangu, picha niliyoipata pale! Shamba zima kutoka juu, kijani kizito, mbuzi kama punje za mchele. Hata wenye droni wangeniamkia.

Sasa nakuungamia jambo. Nilipokaa kukata filamu, nikafika pale ninapojieleza mbele ya kamera kwamba nilifagia na kuchoma. Nikajitazama. Suruali nyeupe imekuwa ya rangi ya shamba. Nikafikiria Shangazi ataniona hivyo. Watoto wangu wataniona hivyo. Wateja! Nani atanipa harusi yake akijua nilichoma shamba la dada yangu? Nikakata. Kipande chote, na zile picha za kila siku pia, nikazitupa pembeni. Mimi huyu nimekwepa wajomba walevi kwenye harusi mia nne, nitashindwa kukwepa mistari kumi na miwili? Lakini ile picha ya kutoka juu sikuweza kuitoa. Ilikuwa nzuri mno. Kulikuwa na kamstari ka rangi ya kahawia pembeni, kama mtu aliyenyolewa upande mmoja. Nikajiambia, nani ataangalia kule?

Kikao kilikaa nyumbani kwa Baba Mkubwa, Jumamosi saa nane mchana. Tulifunika madirisha kwa mablanketi ili televisheni ionekane, joto likawa la kuokea mkate. Baba Mkubwa alikaa kwenye kiti chake, bakora magotini. Shangazi alikaa karibu na biskuti. Bibi shamba alikuwa kwenye benchi ukutani. Bwana Trekta naye alikuwepo, sijui kwa ukoo gani, amekaa mbele kabisa kama baba mzaa bibi harusi. Dada alikaa nyuma, karibu na mlango.

Nikawasha. Mwanzo ulikwenda vizuri, isipokuwa nilisahau kuondoa yale mapambo yangu ya kazi, kwa hiyo jina la shamba lilitokea ndani ya moyo mwekundu, na njiwa wawili wakapita. Shangazi akauliza, "Nani anaoa?" Watu wakacheka, nami nikacheka zaidi yao. Dada akaongea kwenye kioo, kukatulia. Baba Mkubwa akawa anasikiliza, kichwa kimeinama. Nilimwona, nakuapia. Alikuwa anaingia.

Ndipo ikaja ile picha ya kutoka juu.

"Simamisha hapo," akasema Baba Mkubwa.

Nikasimamisha.

Akainua bakora, akagusa kioo pale penye kahawia. "Hapa pamekuwaje?"

Bwana Trekta akaruka kama aliyekanyagwa. "Si unaona, mzee! Nilikwambia. Linaanza kufa. Limeanza pembeni, mwakani lote. Hicho ndicho kilimo chenu cha takataka."

Baba Mkubwa akageuza shingo polepole kumtazama Dada. "Ndivyo?"

Nikamtazama na mimi. Bibi shamba akafungua mdomo, na Dada akamshika mkono, akamtuliza. Mdogo wangu, ningekuwa na mwaka mzima nisingeweza kukueleza lile. Dada hakuwa amemwambia mtu. Siku zote zile, ukiondoa bibi shamba na vibarua wangu, si Shangazi, si jirani, hakuna aliyejua nani alifagia. Alikuwa ananisitiri mimi. Na sasa alikuwa tayari shamba liende kuliko kuniaibisha mbele ya ukoo. Na mimi nilikuwa nimekata ukweli wenyewe kwa mkono wangu, ili nibaki mtanashati.

Nilifikiria ugonjwa wa mahindi, nikafikiria panya, nikafikiria umeme wa ule mti. Uongo saba ulinijia, wote mzuri. Kisha nikasikia sauti inasema, "Ni mimi," na ilikuwa yangu.

"Wewe nini?" akauliza Baba Mkubwa.

"Mimi nilifagia. Nilitoa nyasi zote, nikang'oa kunde, nikachoma moto. Ili papendeze kwenye kamera. Dada hakuwepo. Mahindi yamekauka kwa sababu yangu. Kipande kinachoeleza nilikikata, nimekificha kule studio."

Shangazi akaanza. Unakijua kicheko chake, kinaanzia tumboni. "Alifagia shamba! Jamani, alifagia shamba! Ulipiga na deki?" Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mtoto mmoja alianguka kwenye mkeka. Hata bibi shamba alijificha nyuma ya mkoba. Nilisimama pale mbele ya njiwa wangu, jasho linatoka mpaka kwenye vidole.

Baba Mkubwa peke yake hakucheka. "Ulisafisha," akasema. "Ukachoma."

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Kama ulivyokuwa unasema pasafishwe."

Sikukusudia kumchoma, mdogo wangu. Ilitoka tu. Kicheko kikakatika kama umezima redio.

Mzee akainuka. "Twendeni."

Tukaenda wote, jua likiwa kali, Shangazi na biskuti mkononi. Mzee akaingia kwenye mistari yangu, akachomeka bakora. Ikagonga, ikakataa. Akapiga hatua mbili, akaingia upande wa Dada, akachomeka. Ikazama mpaka nusu, akayumba kidogo, nikamdaka. Akainama, akafunua nyasi, akachota udongo mweusi, akaunusa.

"Utaula?" Shangazi akauliza.

Akamgeukia Bwana Trekta. "Na wewe kwako unachoma?"

"Kila mwaka, mzee. Lazima pawe safi."

"Mh," akasema Baba Mkubwa.

"Lakini mzee, tulishakubaliana."

"Tulikubaliana kuhusu kichaka." Akapangusa mikono. "Nionyesheni kichaka kiko wapi."

Dada alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono imefungwa kifuani. Mzee akamtazama, akatazama pembeni. Unamjua, huyu mtu hashindwi, anaahirisha tu. Akasema, "Mimi sijasema kitu. Watoto wa marehemu ni watatu. Wote watatu wakisema dada yao aendelee, mimi nitanyamaza. Mmoja akikataa, trekta linaingia mwisho wa mwezi wa tisa."

Dada akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo kwa sauti kubwa, mbuzi wakashtuka. Nikatoa simu nikupigie papo hapo. Mzee akainua bakora. "Simu siitaki. Kwenye simu mtu anaweza kuwa yeyote. Na huyu hapa," akaninyooshea mimi, "anaweza kuiga sauti ya ndugu yake mpaka mama yao angeitika." Sikuweza kubisha, nilishawahi kumfanyia. "Aandike kwa mkono wake. Mwandiko wake naujua."

Basi ndiyo sababu ya karatasi hii. Ya kwanza ilirudi, tulikosea nambari ya nyumba yako. Mavuno yameshapita. Upande wa Dada ulitoa mahindi ya kujaza ghala. Mistari yangu ilitoa mahindi ya ukubwa wa kidole, na Shangazi amelitundika moja sebuleni kwake, kila mgeni anaelezwa.

Sitaki uandike ndiyo kwa sababu nimekuchekesha. Nimeshakudanganya mara nyingi maishani, ile ya baiskeli na ile ya mtihani, hii nakwambia moja kwa moja. Theluthi ya shamba ni haki yako. Bwana Trekta akilikodi utapata fungu lako kila msimu bila kuinua mguu. Dada akiendelea, utapata magunia ya mahindi usiyoweza kuyabeba mpaka huko, na mwaka wa mvua mbaya huenda usipate kitu. Yeye mwenyewe amenikataza kukubembeleza. Alisema, "Mwambie achague anachotaka, ana watoto." Kwa hiyo sikubembelezi. Nimekuandikia tu.

Kuhusu filamu, bibi shamba amenirudisha kwenye kazi. Kile kipande nilichokitupa nimekirudisha, na picha za siku zote tisa, na ameamua ndicho kiwe mwanzo. Njiwa amewatoa, nilijaribu kuwatetea. Sasa filamu inazunguka kwa wakulima, na kila inapoonyeshwa uso wangu ndio unatangulia, unasema, "Mimi nilifagia." Mwanzoni nilitaka kuhama. Juzi lakini alikuja mzee mmoja studio, akanishika mkono, akaniambia naye alikuwa achome mwaka huu, ameacha. Nikampiga picha bila malipo, kubwa, na fremu.

Nisalimie Shemeji sana, mwambie bado nadai ile harusi yenu kuipiga upya, mwanga ulikuwa mbaya. Wabusu mapacha, kila mmoja upande wake wasigombane. Mke wangu anakusalimu. Shangazi anakusalimu na kukuuliza kama huko nako mnafagia mashamba. Baba Mkubwa hakusema nikusalimu, ila aliniuliza mara mbili barua huchukua siku ngapi.

Dada anakusalimu kwa upendo. Mvua zinakaribia, majirani wote wako shambani. Yeye mbegu zake amezichagua, ziko kwenye ndoo nyuma ya mlango, zimefunikwa na kanga. Kila asubuhi anafunua, anatazama, anafunika. Hajatia hata moja ardhini. Anasema shamba si lake mpaka useme wewe, ama hivi ama vile.

Chukua kalamu, mdogo wangu. Hata likiwa neno moja.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe riziki isiyo na karaha na usingizi usio na jino.

Ndimi wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
Kaka yako wa katikati.